Sayyid Barghash na Viwiko vya Bomba Letu



Mimi nasoma Masomo ya Kiislamu, si uhandisi. Lakini likizo iliyopita, nilipotoka Lilongwe kurudi nyumbani Dzaleka, bomba la udhu lilinirudisha kwenye historia. Vijana tulikuwa tumechangishana, tukavuta maji kutoka tenki hadi mahali pa kutawadhia. Tenki limejaa, lakini kwenye koki ya mwisho maji yanatoka kama uzi. Wazee wakasubiri, iqama ikakimiwa, wengine wakapitwa na rakaa. Katika kambi iliyofunguliwa 1994 kwa watu 10,000 hadi 12,000, na leo ina zaidi ya 50,000, maji hayana mzaha.

Hapo nikamkumbuka Sayyid Barghash bin Said wa Zanzibar.

Alikuwa mtoto wa Sayyid Said bin Sultan. Baba yao alipofariki 1856, Majid alishika Zanzibar. Mwaka 1859 Barghash alijaribu kumpindua kaka yake, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay. Ni Bombay hiyo hiyo ambayo mwaka 1860 ilianza kupata maji ya bomba kutoka bwawa la Vihar. Baadaye akarudi Zanzibar, na Majid alipofariki 1870 akatawala yeye.

Aliurithi mji uliotoka kupigwa na kipindupindu cha 1869 na 1870. Mwaka 1872 kimbunga kikavunja majahazi na kung'oa mikarafuu. Mwaka 1873, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa. Tusimpambe: utajiri wa dola yake ulijengwa kwa jasho la watumwa, na hakuuacha utumwa kwa hiari. Lakini alileta kiwanda cha uchapaji, akajenga Hamamni, na Beit al-Ajaib mwaka 1883. Jambo lililomgusa kila mtu, tajiri na maskini, ni maji: aliyatoa chemchemi za nje ya mji kwa mifereji na mabomba hadi mjini. Alifariki Machi 1888.

Kumiliki chemchemi ni jambo moja, kuyafikisha maji ni jingine. Rafiki yangu wa uhandisi alikuja kutazama bomba letu, akahesabu viwiko: kumi na kimoja! Alinieleza kwamba maji yakifika kwenye kona hugonga ukuta wa nje, yakaachana na ule wa ndani, yakazunguka ovyo. Nguvu iliyopaswa kuyasukuma mbele hupotea humo kama joto. Na mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, hasara huwa mara nne.

Kiwiko kimoja cha kawaida hula nguvu sawa na bomba lililonyooka lenye urefu wa vipenyo vyake 30 hivi. Kwa bomba letu la nusu inchi ni kama sentimita 45. Viwiko vyote vikafika mita 5. Tena tulikuwa tumefunga globu vali, ambayo humpindisha maji tumboni mwake. Hiyo peke yake ni mita 5 nyingine. Geti vali iliyofunguliwa yote haifiki hata sentimita 15.

Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyechora njia ile, nikizunguka kila pembe ya ukuta ili bomba lisionekane. Tulifukua, tukabakiza viwiko vinne, tukaweka geti vali. Tenki ni lile lile, lakini Ijumaa iliyofuata koki ya mwisho ilitoa maji ya kutosha, na mzee aliyezoea kuja na kibuyu chake alikiacha nyumbani.

Ndugu zangu, sadaka ya maji huendelea kumfaa mtu kaburini. Lakini nia njema hainyooshi bomba. Tukichangia kisima au tenki, tumwite pia anayejua hesabu ya njia yake, tusije tukajenga sadaka inayoishia kwenye kona.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.