Maisha ya Joseph Fourier, Mutu wa Mawimbi (1768–1830)



Katika gazeti letu tumezoea kusoma maisha ya wakubwa wa zamani: wamisionere, waganga, wafalme. Leo ninawaletea mutu wa hesabu. Jina lake ni Joseph Fourier, Mufaransa. Wale wa seksio ya hesabu na fizike watakutana naye siku moja, wapende wasipende. Lakini hata wale wa pedagojia na wa komersi wanamutumia kila siku bila kujua, kila mara wanaposhika telefone. Someni mupaka mwisho, mutaona namna gani.

Fourier alizaliwa tarehe 21 mwezi wa 3 mwaka 1768, katika muji wa Auxerre, inchi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa kushona nguo, na nyumba ilijaa watoto. Mama akafa, kiisha baba naye akamufuata, na mutoto alikuwa na miaka 9 ao 10 tu. Angeweza kupotea. Lakini alipata pahali katika shule ya waaskari ya muji ule, iliyoongozwa na wamonaki Wabenedikto. Pale njo alipopendezwa na hesabu. Inasemekana alikuwa anaokota vipande vya mishumaa vilivyobakia, anavificha, na usiku, wakati wengine wanalala, yeye anawasha na kusoma. Wandugu wa internati, munajua hii habari. Lakini musiseme kapita amewaruhusu kuwasha mishumaa mu dortuare!

Alipokuwa kijana alitaka kuwa ofisa wa mizinga. Mulango ulifungwa, kwa sababu hakuzaliwa katika jamaa ya wakubwa. Mwaka 1787 akaingia katika nyumba ya wamonaki ya Saint-Benoît-sur-Loire, lakini mwaka 1789 akatoka pasipo kuweka naziri. Ulikuwa mwaka wa mapinduzi makubwa ya Ufaransa. Akarudi Auxerre, akafundisha katika shule yake ya zamani, akaingia pia katika komite ya mapinduzi. Siasa ya siku zile ilikuwa moto. Mwaka 1794 wakamutupa gerezani, na wengi wa wakati ule walitoka gerezani kwenda kukatwa kichwa. Robespierre alipoanguka mwezi wa 7, Fourier akaponea.

Hapo akatumwa Paris kusoma katika shule mupya ya kutayarisha walimu. Walimu wake walikuwa Lagrange, Laplace na Monge. Mushike haya majina, yatarudi. Kiisha yeye mwenyewe akafundisha katika École Polytechnique.

Mwaka 1798 Napoleon akamuchukua Misri pamoja na waaskari na wenye elimu wengi. Kule Kairo, Fourier alikuwa sekretere wa Institut d'Égypte. Sisi Waafrika hatuwezi kupita hapa haraka. Safari ile ilikuwa ya kuteka inchi ya wengine. Mutu anaweza kuwa na akili nyingi na bado akatembea nyuma ya bunduki. Alirudi Ufaransa mwaka 1801, na mwaka 1802 Napoleon akamuweka kuwa prefe wa Isère, kule Grenoble. Musifikiri ni prefe sawa Prefe wetu wa shule! Kwao prefe ni mutawala wa jimbo, sawa vile gavana kwetu. Alikausha mabwawa ya Bourgoin, alisimamia kazi ya barabara ya kwenda Torino. Na katikati ya barua na hesabu za serikali, alipata saa za kufikiri juu ya jambo moja: moto unatembea namna gani ndani ya vitu?

Hapa njo kiini cha habari yetu.

Kamata chuma kirefu, ukitie moto pahali mbalimbali. Pengine kiko na moto mukali, pengine kiko baridi, ukichora moto wake kwenye karatasi unapata mustari wenye kupanda na kushuka bila utaratibu. Nani anaweza kuhesabu kitu cha fujo namna ile? Fourier akasema tusihesabu fujo yenyewe. Tuigawanye kwanza katika mawimbi mepesi, yale ya sinusi tunayochora katika trigonometria: wimbi refu, wimbi fupi, wimbi fupi zaidi. Kila wimbi peke yake ni rahisi kuhesabu. Linapunguka polepole pahali pake bila kubadili sura yake. Na wimbi lenye urefu wa nusu linapunguka kwa mwendo mara 4 kuliko lingine. Kiisha unajumlisha mabaki ya mawimbi yote, na unajua moto wa chuma kwa saa yoyote.

Udongo unafanya vilevile. Joto la muchana na baridi ya usiku ni wimbi la haraka, haliingii chini sana. Joto la mwaka muzima ni wimbi la polepole, linaingia mara 19 zaidi. Kwa nini 19? Kwa sababu mwaka una siku 365, na racine carrée ya 365 ni karibu 19. Kwa hiyo udongo ni kama kichungi cha unga: mambo ya haraka unayazuia juu, mambo ya polepole unayaacha yapite.

Mwezi wa 12 mwaka 1807 Fourier akapeleka kazi yake Paris. Waamuzi walikuwa Lagrange, Laplace, Monge na Lacroix. Walimu wake wa zamani! Lagrange akakataa. Ulizo lake lilikuwa hili: mawimbi ya sinusi ni laini, hayana kona. Namna gani ukijumlisha vitu laini utapata kitu chenye kona, ao chenye kuruka kwa gafula? Kazi haikuchapwa. Fourier akaitengeneza tena, akaipeleka katika shindano la mwaka 1811. Akapata zawadi, lakini waamuzi waliongeza lawama kwamba uhakikisho wake haujatimia. Tena haikuchapwa mara moja. Kitabu chake juu ya moto kilitoka mwaka 1822 tu. Tangu 1807 ni miaka 15. Mwaka ule ule alichaguliwa kuwa sekretere wa daima wa Akademia ya Elimu.

Sasa, nani alikuwa na haki? Tusikimbilie kumucheka Lagrange. Ulizo lake lilikuwa la kweli. Mwaka 1829 ndipo Dirichlet, kijana Mudachi, alipoonyesha vizuri ni katika hali gani jumla ya mawimbi inafika kweli pale inapotakiwa. Na tena, kwenye pahali pa kuruka, jumla ya mawimbi inapita kipimo kwa karibu asilimia 9 ya ule muruko, hata ukiongeza mawimbi mingi namna gani. Unakuwa mwembamba zaidi, lakini hauishi. Basi Fourier alikuwa na haki juu ya njia, na Lagrange alikuwa na haki ya kuuliza.

Na hii inatuhusu namna gani? Tuchukue kwaya yetu. Noti la ya diapazoni ni mitetemo 440 kwa segonde moja, tunasema hertzi 440. Gitari ikipiga la, na filimbi ikipiga la ile ile, sikio linajua mara moja ni gitari ao ni filimbi. Sababu ni kwamba ndani ya kila sauti, pamoja na 440, kuna 880, 1320 na zingine, na kila chombo kinazichanganya kwa kipimo chake, sawa wamama wawili wanaopika sombe moja na chumvi mbalimbali. Kugawanya sauti katika mawimbi yake, ni kufanya kazi ya Fourier.

Telefone na ordinateri hazijui sauti, zinajua namba tu. Kwa hiyo zinapima sauti mara nyingi kwa segonde na kuandika kila kipimo. Telefone ya zamani ya nambari inapima mara 8000 kwa segonde, diski ya CD mara 44 100. Sheria ni hii: lazima upime zaidi ya mara mbili ya mitetemo ya wimbi la haraka kuliko yote. Usipofanya vile, wimbi la haraka litajionyesha kwa uwongo kama la polepole, sawa gurudumu la gari katika sinema linaloonekana linazunguka kinyume.

Tukiisha kupata namba, tunaweza kuzichunga. Muchukue kalamu. Hapa ni namba zenye kurukaruka: 4, 6, 4, 6, 4, 6. Jumlisha kila namba na jirani yake, gawanya kwa 2. Unapata 5, 5, 5, 5, 5. Kurukaruka kumekufa! Hiki ni kichungi chenye kupitisha ya polepole. Sasa badala ya kujumlisha, ondoa namba ya mbele katika ile inayofuata: unapata 2, -2, 2, -2, 2. Kurukaruka kumebakia, kile kisichobadilika njo kimekufa. Hiki ni kichungi chenye kupitisha ya haraka. Lakini kila kichungi kina bei yake. Kamata 2, 2, 2, 8, 8, 8 na kile cha kwanza: unapata 2, 2, 5, 8, 8. Ile 5 haikuwa mule! Kona imelainishwa. Ukitaka kichungi chenye kukata safi, utatumia namba mingi zaidi, na utangoja zaidi kabla ya kupata jibu.

Tuliona jambo hili wenyewe. Kwaya iliandikwa katika telefone wakati grupe ya umeme inanguruma. Umeme wa kwetu ni wa hertzi 50, na mungurumo ulisikika katika bafle. Mwenye kutengeneza akakata sauti za chini. Mungurumo ukapunguka, lakini wabasi wakalalamika kwamba wamekatwa nao, kwa sababu sauti ya basi inashuka mupaka karibu na 80. Kati ya 50 na 80 nafasi ni ndogo. Kazi ya kutengeneza kichungi iko pale pale: kuchagua nini unakubali kupoteza.

Bado kulikuwa shida moja: kugawanya kunataka hesabu nyingi. Kwa namba 1024, njia ya kawaida inataka karibu mara 1 048 576 ya kuzidisha. Mwaka 1965 Cooley na Tukey, Wamarekani, walitoa njia ya mukato inayotaka kama 10 240 tu, ni kusema karibu mara 100 chini. Gauss alikuwa ameiona karibu mwaka 1805, lakini hakuichapa. Kwa njia ile, telefone ndogo inafanya kazi ya Fourier mara nyingi kwa segonde.

Fourier mwenyewe hakuona hata telefone. Hakuoa. Alipozeeka alijifunika nguo nyingi na kukaa katika chumba chenye joto kali. Alikufa Paris tarehe 16 mwezi wa 5 mwaka 1830, akazikwa katika makaburi ya Père-Lachaise. Jina lake ni moja katika majina 72 yaliyoandikwa kwenye munara wa Eiffel.

Wandugu, ninamaliza. Wafinalisti wenzangu, Egzetat inakaribia, na kuna watakaofungiwa mulango mara ya kwanza. Fourier alifungiwa kwa mizinga, akafungwa gerezani, akangoja kitabu chake miaka 15. Hakukaa na kulia tu. Alipolaumiwa, alirudi kutengeneza.

Lakini ninajisemea mimi pia. Kapita ana ruhusa ya kunyamazisha watu, na nimewahi kumukalisha chini mudogo wangu wa kalasi ya pili katika etude ya jioni, kabla hajamaliza kuuliza. Lagrange alikuwa mukubwa kuniliko, na aliuliza ulizo la kweli. Lakini kazi ya mwanafunzi wake ililala. Yule ndugu akisoma haya, aje aulize tena. Safari hii nitangoja mupaka amalize.

Ni mimi ndugu yenu, kapita wa shule, kalasi ya sita.