Amir Elahi: Mrushaji aliyebadili ufundi ukubwani



Ndugu Waislamu, katika safu hii tumezoea kueleza maisha ya maulamaa, makadhi na watawala waadilifu. Leo tumeona vyema tumtaje mcheza kriketi. Tunajua wapo watakaokunja nyuso. Lakini Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), na mashindano ya farasi yalikuwepo Madina mbele ya macho yake. Maulamaa wetu walipozungumzia michezo waliweka mipaka: isiwe na kamari, isipoteze Swala, isivunje heshima ya mtu. Ndani ya mipaka hiyo mchezo ni katika mambo ya halali, na mchezaji ni mja wa Mungu kama waja wengine.

Amir Elahi alizaliwa Lahore, Punjab, tarehe 1 Septemba 1908, wakati sehemu kubwa ya Bara Hindi ilipokuwa chini ya Waingereza. Ujanani alikuwa mrushaji wa mpira wa mwendo wa kati. Warushaji wa namna hiyo walikuwa wengi, na yeye hakuwa wa mbele miongoni mwao. Kisha akaiacha kazi aliyokwisha kuizoea na kujifunza nyingine: kurusha mpira wa kuzungusha kwa kiwiko cha mkono na vidole.

Kwa wasioujua mchezo huu, mpira wa kuzungusha huja polepole, ukadunda chini, kisha ukageuka na kumkwepa mpigaji. Mrushaji fundi zaidi huweza kwa mkono uleule kuufanya ugeuke upande wa pili, na mpigaji asijue ni upi unaomjia. Ni ufundi wa miaka mingi. Anayejifunza huanza kwa kupigwa kila upande wa uwanja huku watazamaji wakicheka. Sisi tunaosomesha darasa za watu wazima tunaijua aibu hii. Mtu mwenye ndevu anakuja kujifunza alifu na bee, anamkuta mtoto wa miaka saba amekwisha kumpita, na wengi wiki ya pili hawarudi. Amir Elahi alirudi.

Mwaka 1936 alichukuliwa katika msafara wa timu ya India kwenda Uingereza. Alikuwa na umri wa miaka 27. Hakupangwa hata mara moja katika mechi kubwa za mataifa ziitwazo Testi. Vita Kuu ya Pili ikaingia, na India haikucheza Testi yoyote mpaka mwaka 1946. Miaka kumi ambayo mchezaji huitegemea kuliko yote ikapita hivyo.

Hata hivyo hakukaa bure. Aliichezea Baroda, dola ya Maharaja iliyowapa wachezaji riziki, na alikuwamo katika timu hiyo miaka ambayo ilikuwa miongoni mwa timu zenye nguvu katika Kombe la Ranji. Aliichezea pia timu ya Waislamu katika mashindano ya Bombay, ambako timu zilipangwa kwa dini na jamii: Wahindu, Waislamu, Maparsi, Wazungu na mchanganyiko wa waliobaki. Watu walijaa viwanjani, na wapo viongozi, Gandhi akiwa mmoja wao, waliosema kuwa si vyema kuwagawa watu hivyo hata michezoni. Mwaka 1946 mashindano hayo yalikoma. Mwaka uliofuata nchi yenyewe ikagawanywa.

Agosti 1947 Lahore, mji aliozaliwa, uliangukia Pakistan. Mamilioni walihama kwenda na kurudi, na damu nyingi ilimwagika njiani. Miezi michache baadaye timu ya India ilikwenda Australia chini ya Lala Amarnath, na Amir Elahi alikuwamo. Desemba 1947, mjini Sydney, akacheza Testi yake ya kwanza akiwa na miaka 39. Mvua iliiharibu mechi hiyo ikaisha bila mshindi, na yeye hakumtoa mpigaji hata mmoja. India haikumpanga tena.

Mtu angedhani habari yake imekwisha. Tunataja umri huu kwa makusudi, kwani majumbani mwetu mtu akifika arubaini watu humwambia kuwa basi, aliyoyakosa ameyakosa, na ilhali umri huo ndio aliopewa utume Bwana Mtume (s.a.w.).

Amir Elahi akahamia Pakistan. Julai 1952 nchi hiyo changa ilikubaliwa kucheza Testi, na Oktoba mwaka huohuo ikaenda kucheza mechi tano India. Nahodha alikuwa Abdul Hafeez Kardar, naye pia aliwahi kuichezea India. Katika timu hiyo alikuwamo kijana wa miaka 17, Hanif Mohammad, aliyehama na familia yake kutoka Junagadh. Na alikuwamo Amir Elahi, mwenye miaka 44. Nahodha wa upande wa pili alikuwa Lala Amarnath yuleyule aliyemwongoza Sydney. Wawili hao walikuwa wamesafiri pamoja mwaka 1936, na sasa kila mmoja alisimama chini ya bendera yake.

Alicheza mechi zote tano. Delhi walishindwa vibaya. Lucknow wakashinda, na huo ukawa ushindi wa kwanza wa Pakistan, ingawa sifa kubwa ni ya Fazal Mahmood na Nazar Mohammad. Bombay wakashindwa tena. Huko Madras, mwishoni mwa Novemba, likatokea jambo ambalo yeye mwenyewe, tunadhani, hakulitazamia. Wapigaji tisa walikuwa wamekwisha kutoka, Pakistan ikiwa na mikimbio 240. Akaingia yeye wa kumi na moja, nafasi wanayopewa wasiojua kupiga. Akasimama na Zulfiqar Ahmed, kijana wa miaka 26, wakaongeza mikimbio 104, na yeye peke yake akapata 47. Mtu aliyejifunza kurusha miaka yote hiyo, siku yake kubwa ikawa ni ya kupiga!

Calcutta, Desemba, aliwatoa wapigaji wanne katika mzunguko mmoja kwa mikimbio 134. Hiyo ikawa Testi yake ya mwisho. Jumla ya waliotolewa naye katika Testi sita ni saba tu, na hatutaki kuipamba hesabu hiyo. Lakini katika mechi zote za daraja la kwanza aliwatoa wapigaji 513.

Wasomaji wetu wa Mombasa watamkumbuka Aasif Karim, mzaliwa wa mji wao, aliyerudishwa uwanjani akiwa na miaka 39 katika Kombe la Dunia la mwaka 2003, akawatoa Waaustralia watatu kwa mikimbio saba tu. Naye pia mpira wake ulikuwa wa kuzungusha. Mkono wa namna hii hauchakai upesi.

Watu walioichezea India Testi kisha wakaichezea Pakistan ni watatu tu: Kardar, Gul Mohammad na Amir Elahi. Kuhusu ibada zake hatusemi kitu. Hayo ni baina yake na Mola wake. Alifariki Karachi tarehe 28 Desemba 1980, akiwa na umri wa miaka 72. Allah amrehemu.