Hiram Maxim: Fundi aliyeifanya rashasha kuwa mzigo wa mpagazi

HISTORIA ya kutwaliwa kwa Afrika inaposimuliwa, hutajwa magavana, wapelelezi na makamanda. Ni nadra kutajwa fundi mmoja ambaye kazi yake ilifanywa mbali, katika karakana ya London, lakini ikaamua hatima ya falme nyingi za bara hili.

Hiram Stevens Maxim alizaliwa Februari 5, 1840, huko Sangerville, jimbo la Maine, Marekani. Elimu yake ya darasani ilikuwa haba. Akiwa na umri wa miaka 14 alipelekwa kujifunza uundaji wa magari ya kukokotwa na farasi, na tangu hapo mikono yake haikutulia. Aliunda mtego wa panya, kisha akazama katika taa za umeme, fani aliyoshindania na Thomas Edison. Mwaka 1881 alifika Paris kwa maonyesho ya umeme, na baadaye akafungua karakana yake mtaa wa Hatton Garden, London.

Wakati huo silaha za kufyatua risasi mfululizo zilikuwapo tayari. Gatling, iliyobuniwa miaka ya 1860, ilikuwa na mitutu kadhaa iliyozungushwa kwa mkono. Ilibebwa juu ya magurudumu mfano wa mzinga, na kwa jumla uzito wake ulikuwa mamia ya kilo.

Maxim alitazama jambo ambalo kila mpiga bunduki alilijua lakini hakulijali, yaani ule msukumo unaoipiga bega risasi inapotoka. Aliona kwamba hiyo ilikuwa nguvu inayopotea bure. Akaunda bunduki ambayo kwa msukumo huohuo ilitupa ganda la risasi iliyokwisha kupigwa, ikavuta nyingine kutoka kwenye mkanda na kuifyatua. Kufikia 1884 alikuwa akiwaonyesha wageni silaha yenye mtutu mmoja, uliopozwa kwa maji, iliyoweza kutema risasi 600 kwa dakika. Ndiyo iliyokuja kuitwa bombomu kwa Kiswahili.

Lakini kasi ilikuwa nusu tu ya habari. Nusu ya pili ilikuwa uzito. Bila miguu yake, bunduki hiyo ilikuwa na takriban kilo 27, ambazo hazikupishana sana na mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja. Katika nchi ambako mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa kukokota, silaha ya magurudumu isingefika mbali. Hii ilipita popote alipopita mwanadamu.

Risasi nazo zilipungua uzito. Baruti ya zamani ilitoa moshi mzito na kuuchafua mtutu. Baruti isiyo na moshi, iliyopatikana Ufaransa miaka ya 1880, iliipa risasi ndogo nguvu kubwa zaidi. Waingereza wakaacha risasi za milimita 11 na kuchukua za milimita 7.7, hivyo askari akabeba nyingi zaidi kwa uzito uleule.

Mwaka 1887 Henry Morton Stanley alisafiri na rashasha ya Maxim alipokwenda kumtafuta Emin Pasha, akiwa na mamia ya wapagazi kutoka Zanzibar. Januari 24, 1892, Kapteni Frederick Lugard aliitumia silaha hiyo Mengo, na Kabaka Mwanga akalazimika kukimbia. Septemba 2, 1898, huko Omdurman, Sudan, wapiganaji wapatao 10,000 waliuawa kwa asubuhi moja, ilhali upande wa Waingereza na Wamisri ulipoteza watu wasiozidi hamsini. Nchini Kenya, baada ya Koitalel arap Samoei kuuawa Oktoba 19, 1905, msafara wa kijeshi uliowavamia Wanandi ulikuwa na rashasha hizohizo.

Maxim alitunukiwa hadhi ya Sir mwaka 1901. Milio ya bunduki zake ilikuwa imemharibu masikio. Aliunda pia kifaa cha kuvuta mvuke kwa wenye maradhi ya kifua, na ilimkera kuona baadhi ya watu wakikidharau kifaa cha kuponya ilhali kile cha kuua kilimletea sifa.

Ulaya ilidhani silaha hiyo ni ya kupigania makoloni. Hata hivyo, Wajerumani nao walikuwa wameitengeneza kwa muundo wa Maxim, na Uingereza ikapata Vickers, iliyopunguzwa uzito mno kutoka ile ya awali. Julai 1, 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, Ufaransa, Waingereza zaidi ya 19,000 waliuawa, wengi wao kwa rashasha.

Mapigano hayo yalikoma Novemba 18. Siku sita baadaye, Novemba 24, 1916, Maxim alifariki London akiwa na umri wa miaka 76. Kilichowapata Waganda, Wasudani na Wanandi kilikuwa kimewafika raia wa nchi iliyompa hadhi.