Vesalius, Mwalimu Aliyeteremka Kitini

Wengi wetu twaogopa hata kumpasua chura maabarani. Basi nipeni sikio niwasimulie maisha ya mtu ambaye hakuogopa kupasua wala kusema alichokiona.

Andreas Vesalius alizaliwa Brussels mwaka wa 1514. Alisomea udaktari huko Paris. Siku hizo mwalimu aliketi juu ya kiti kirefu akisoma kitabu cha Galen, naye kinyozi ndiye aliyepasua maiti pale chini. Wanafunzi kazi yao kukariri tu. Kumbe Galen, aliyeishi zaidi ya miaka 1300 kabla yao, alikuwa amepasua nyani na nguruwe, si watu!

Mwaka wa 1536, karibu na Louvain, Vesalius aliona mifupa ya mtu aliyenyongwa ikining'inia. Akaibeba kwa siri hadi kwake ili ajifunze. Mwaka uliofuata akawa mwalimu Padua, Italia, na umri wake ulikuwa miaka 22 pekee. Huko akateremka kitini, akashika kisu mwenyewe.

Alipofika kifuani, mambo yalikuwa mengine. Galen alihesabu vipande saba katika mfupa wa kidari. Vesalius akaona vitatu. Msuli mrefu wa tumbo, ambao kwa nyani hupanda hadi juu kifuani, kwa binadamu huishia kwenye mbavu za chini. Haya yote aliyaandika na kuyachorea picha katika kitabu chake kikubwa cha mwaka wa 1543. Tena kuna wale wanaoamini ati mwanamume amepungukiwa na ubavu mmoja. Hata darasani kwetu ubishi huo ulizuka juzi juzi. Vesalius hakubishana, alihesabu: kwa kawaida ni 12 kila upande, kwa wake na waume.

Je, alishangiliwa? Wapi! Sylvius, aliyemfundisha Paris, alimgeuka. Alishikilia kwamba Galen hakukosea, bali miili ya watu ndiyo iliyobadilika. Kwa uchungu Vesalius alichoma maandishi yake mengi, akaenda kuwa daktari wa mfalme Charles wa 5. Alifariki mwaka wa 1564 kisiwani Zakynthos, akirudi kutoka Yerusalemu.

Kwa maoni yangu, Sylvius hakuwa mjinga. Alimpenda mwalimu wake Galen kupita kiasi, mpaka macho yake yakakosa kazi. Na mwili hauna adabu kwa vitabu, hata cha Vesalius mwenyewe. Wako watu wenye msuli wa ziada juu ya kidari. Wengine huzaliwa bila msuli mkubwa wa kifua upande mmoja, kama mtu aliyeelezwa na mwanafunzi Alfred Poland huko London mwaka wa 1841.

Kwa hivyo wenzangu, tuwaheshimu walimu na tusome vitabu kwa bidii. Lakini tukifika maabarani, tufungue macho pia.