JOSEPH HENRY: MWALIMU ALIYEITIA NGUVU SUMAKU YA UMEME



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyeumba chuma na shaba, akaweka ndani yake nguvu zisizoonekana kwa macho, kisha akampa mwanaadamu akili ya kuzichunguza. Ndugu wanafunzi, safari hii tunakuleteeni maisha ya Joseph Henry wa Marekani. Hakuwa Muislamu, lakini elimu yenye manufaa huchukuliwa popote inapopatikana. Tumemchagua kwa sababu wengi wenu mnasoma habari za sumaku ya umeme shuleni, na wapo watoto wanaotamani kuitengeneza nyumbani kwa kuchomeka waya kwenye soketi ya ukutani. Maisha ya mwalimu huyu yanatuonyesha njia bora zaidi.

Joseph Henry alizaliwa tarehe 17 Desemba 1797 katika mji wa Albany, jimbo la New York. Wazazi wake walitoka katika ukoo wa Waskochi na walikuwa watu wa hali ya chini. Akiwa mdogo alipelekwa kuishi kwa bibi yake katika kijiji cha Galway, huko huko New York. Alisoma shule ya kijijini na baada ya masomo alifanya kazi dukani. Baba yake alifariki Joseph akiwa bado mtoto. Akarudi Albany kwa mama yake, akawekwa kwa fundi wa saa na vyombo vya fedha ili ajifunze kazi. Moyo wake ulipenda zaidi michezo ya kuigiza, na ilibaki kidogo awe mwigizaji.

Alipokuwa na umri wa miaka 16 hivi aliugua, akawa anakaa ndani. Mpangaji mmoja katika nyumba ya mama yake alikuwa na kitabu cha sayansi kilichoandikwa kwa lugha nyepesi. Henry alikichukua, akakisoma, na tangu hapo akaazimia kutafuta elimu. Mwaka 1819 alipokelewa katika Chuo cha Albany bila ya kulipa ada, naye akawa anafundisha watoto wa watu ili apate riziki. Mwaka 1826 akafanywa mwalimu wa hisabati na sayansi katika chuo hicho hicho.

Wakati huo wataalamu walikuwa wamekwishajua kwamba umeme na sumaku vina udugu. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona sindano ya dira ikigeuka ilipowekwa karibu na waya unaopita umeme. Mwaka 1825 Mwingereza William Sturgeon akazungushia waya mtupu wa shaba kwenye chuma kilichokunjwa kama kwato ya farasi, akapata sumaku iliyoweza kuinua kiasi cha kilo 4. Lakini waya wake haukuwa na kitu cha kuufunika. Ilimbidi aache nafasi kati ya mzunguko na mzunguko, kwani nyaya tupu zikigusana umeme hukata njia na sumaku hupungua nguvu.

Henry alifikiri, akaona dawa yake ni kuuvika waya nguo. Aliufunika waya mzima kwa hariri, kwa sababu hariri haipitishi umeme. Sasa aliweza kuuzungusha mara nyingi, tabaka juu ya tabaka. Kazi hiyo aliifanya kwa subira kubwa, kwani alifundisha saa nyingi kila siku na utafiti wake mwingi aliufanya katika likizo ya mwezi wa Agosti. Mwaka 1831 alitengenezea Chuo cha Yale sumaku iliyoinua zaidi ya kilo 900. Mwaka huo huo alipitisha umeme katika waya mrefu zaidi ya maili moja, akaigonga kengele mwisho wa waya ule. Ndiyo misingi iliyomsaidia Samuel Morse kuonyesha telegrafu yake mwaka 1844. Henry hakudai haki ya kuuza uvumbuzi wake.

Jambo moja lilimpita. Aligundua kwamba sumaku nayo yaweza kuzalisha umeme, lakini alichelewa kuandika. Michael Faraday wa Uingereza akatangaza mwanzo, mwaka 1831. Henry alitoa maandishi yake mwaka 1832. Wanafunzi, yaandikeni mnayojifunza mapema.

Mwaka 1832 alihamia chuo cha Princeton, na mwaka 1846 akawa katibu wa kwanza wa taasisi ya Smithsonian mjini Washington, akaiongoza mpaka alipofariki tarehe 13 Mei 1878. Mwaka 1893 wataalamu walikubaliana kuita kipimo kimoja cha umeme kwa jina lake, henri.

Sasa tuje kwenye majaribio yetu. Henry alitumia betri. Umeme wa majumbani haukuwapo siku zake. Nanyi tumieni betri moja ya tochi ya volti 1.5, msumari wa chuma, na waya wa shaba uliofunikwa, urefu wa mita moja na nusu. Zungusheni waya kwenye msumari mara 50 kuelekea upande mmoja. Menyeni ncha mbili tu, mziguse kwenye betri kwa sekunde chache, na msumari utaokota pini. Waya ukipata moto, achieni. Fanyeni hivyo mbele ya mzazi au mwalimu.

Msithubutu kutumia soketi ya ukutani. Umeme wa majumbani kwetu ni takriban volti 230 hadi 240. Waya mfupi kama ule hauna uwezo wa kuuzuia, hivyo umeme mwingi hupita kwa mara moja, waya ukaungua, nyumba ikashika moto, na aliyeushika akafa kabla ya kuita mtu. Betri ya gari na ya simu nazo ziacheni, kwani hutoa umeme mwingi kwa ghafla na huweza kuunguza au kulipuka. Mwili ni amana tuliyopewa na Mola wetu, na dini imetukataza kuitia nafsi katika maangamizi.

Kengele ya mlango, feni, na hata spika inayotufikishia adhana, vyote vina waya uliofunikwa na kuzungushwa kama wa Henry. Wazazi, wapeni watoto wenu betri na msumari, mkae nao.

Wabillahi tawfiq.