Daktari wa Mengo na Foleni ya Msambweni

Kila kunapozungumzwa habari za kupanua huduma za afya katika Kwale yetu, aghalabu watu huhesabu majengo, vitanda na mashine. Hayo ni mambo ya maana, wala sibishani nayo. Lakini mimi, niliyefundisha historia kwa miaka mingi katika pwani hii ya kusini, naona kuna kipimo kingine ambacho hatukitilii maanani, nacho ni benchi la wagonjwa wa nje. Wengi wa wanaofika Msambweni, Kinango au kituo cha afya cha Diani hawalazwi. Huja na homa, na mtoto anayekohoa, au na kidonda kisichopona, kisha hurudi kwao jioni ile ile. Ubora wa hospitali kwao ni jinsi walivyopokewa hapo bencini, na nani aliyewapokea.

Kwa sababu hiyo ningependa leo kuwasimulia walimu wenzangu na wanafunzi maisha ya tabibu mmoja aliyefariki zamani, ambaye jina lake bado latajwa katika Afrika Mashariki: Sir Albert Ruskin Cook wa Mengo, Uganda.

Cook alizaliwa London mwaka wa 1870, akasomea Cambridge na kisha udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's. Mwaka wa 1896 alijiunga na msafara wa wamishonari wa Kanisa la Kiingereza, akateremka Mombasa. Reli ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kujengwa mwaka huo. Haikufika Kisumu mpaka 1901. Basi ikambidi, yeye na wenzake, kushika njia kwa miguu kutoka pwani hadi Buganda, mwendo wa miezi kadhaa, huku mizigo yao, dawa zikiwamo, ikichukuliwa na wapagazi. Miongoni mwa wasafiri hao alikuwamo muuguzi aitwaye Katharine Timpson, ambaye Cook alimwoa mwaka wa 1900.

Walifika Mengo Februari 1897. Hapo ndipo pana somo la kwanza. Cook hakungoja jengo. Baada ya siku chache tu alianza kuwatibu wagonjwa waliokuja na kurudi makwao, na hospitali ya kulaza watu ikafuata mwezi wa Mei. Hata hospitali hiyo haikuwa kitu cha fahari. Zile za mwanzo zilijengwa kwa miti, matete na nyasi, na mwaka wa 1902 radi ilipiga, moto ukateketeza hospitali. Jengo la matofali lilifunguliwa 1904. Lau kama matibabu yangalikuwa ni jengo, Mengo ingalikwisha siku ile ya moto. Haikwisha, kwa kuwa watu walikwisha zoea kuja, na waganga walikuwapo.

Mwaka wa 1901, katika foleni hiyo hiyo ya kila siku, Cook na ndugu yake John, aliyekuwa daktari pia, waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale. Ugonjwa huo ulienea katika fukwe na visiwa vya ziwa Victoria, na inakadiriwa kuwa uliua zaidi ya watu 200,000 katika miaka michache. Chanzo chake kilifahamika baadaye, kati ya 1902 na 1903, wataalamu walipogundua kijidudu chake na kwamba mbung'o ndiye msafirishaji. Lakini jicho lililoona kwanza kwamba pana jambo geni lilikuwa jicho la daktari aliyekaa na wagonjwa wa kawaida. Daktari aliyejifungia ofisini na majalada asingaliona kitu.

Wala Cook hakutegemea kumbukumbu ya kichwa. Tangu 1897 maelezo ya wagonjwa wa Mengo yaliandikwa na kutunzwa, na leo yamehifadhiwa katika maktaba ya udaktari ya Makerere yenye jina lake. Mwaka wa 1964, yaani miaka 13 baada ya kufa kwake, wataalamu walichapisha uchunguzi wa saratani uliotokana na daftari hizo, zilizochukua karibu miaka 60. Kwa njia hiyo waliweza kuonyesha kwamba uvimbe wa taya za watoto, ambao Dkt. Denis Burkitt aliutangaza ulimwenguni, ulikuwapo Uganda tangu zamani. Tazama basi, mwanafunzi, thamani ya kuandika vizuri jina, umri, kijiji na maradhi ya mtu ambaye amekuja kwa nusu saa tu.

Cook alijifunza Kiganda, akatunga kitabu cha maneno ya tiba kwa lugha hiyo ili daktari na mgonjwa wafahamiane. Mwaka wa 1917, wakati wa vita ambapo Mengo ilikuwa ikiwatibu askari, alianzisha mafunzo ya kuwatayarisha Waafrika kuwa wasaidizi wa madaktari. Mafunzo hayo hayakudumu pale; katika miaka ya 1920 serikali iliishika kazi hiyo Mulago na Makerere. Katharine naye alisimamia mafunzo ya wakunga, na shule yao, iliyopewa jina la Lady Coryndon, ilifunguliwa 1921. Wasichana waliohitimu walipelekwa katika vituo vya uzazi huko mashambani. Mama mjamzito hakulazimika tena kuifuata hospitali; hospitali ndiyo iliyomfuata.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini historia hii yatufunza kwamba mwenyeji hakuponyeshwa na mgeni peke yake. Aliponyeshwa na wenyeji wenzake waliofunzwa, wakashika kazi.

Sitaki msomaji adhani kwamba namsifu mtu asiye na doa. Cook alikuwa mmishonari wa enzi ya ukoloni, na aliwatazama Waganda kwa jicho la enzi hiyo. Wagonjwa wa nje walihubiriwa kabla ya kutibiwa. Aliamini kuwa kaswende ilikuwa imeenea mno na kwamba tabia za watu zilikuwa zimeharibika. Imani hiyo ilichangia kampeni za serikali zilizowavunjia watu heshima, hasa wanawake waliolazimishwa kupimwa. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa huenda wagonjwa wengi walioitwa wa kaswende walikuwa na maradhi mengine yanayofanana nayo, kama vile buba. Daktari anapochanganya maradhi na hukumu ya tabia, mgonjwa huumia mara mbili. Funzo hili nalo tulichukue, maana hata leo wapo wanaokwepa zahanati kwa kuogopa ulimi wa mhudumu kuliko sindano.

Cook alipewa hadhi ya Sir mwaka wa 1932, akastaafu Mengo 1934. Mkewe alifariki 1938. Yeye hakurudi Uingereza kumalizia uzee wake; alibaki Kampala hadi alipofariki mwaka wa 1951.

Je, haya yanatuhusu nini sisi wa Kwale? Yanatuhusu sana. Tangu 2013 huduma za afya zimo mikononi mwa serikali za kaunti, na Msambweni ndiyo hospitali yetu kuu ya rufaa. Mgonjwa wa Lungalunga au Kinango hana haja ya kupelekwa Msambweni kwa malaria iliyowahiwa mapema, au kwa kichocho, ugonjwa ambao pwani hii imeujua kwa vizazi. Anahitaji zahanati iliyo karibu, yenye dawa, na mhudumu anayefahamu Kidigo au Kiduruma, au walau aliye tayari kujifunza. Zahanati zikidhoofika, foleni ya Msambweni hurefuka, na mwenye maradhi makubwa hukaa nyuma ya mwenye mafua.

Hapo ndipo uongozi wa daktari unapohitajika. Kenya imeshuhudia mgomo wa madaktari wa siku 100 uliomalizika Machi 2017, na mwingine wa siku 56 mwaka wa 2024. Siwalaumu waliogoma kudai haki zao. Kijana aliyesomea udaktari kwa miaka sita anastahili kulipwa. Ninachosema ni kwamba mfumo unaotegemea watu wachache huanguka wakiondoka hao wachache. Daktari kiongozi hupimwa kwa idadi ya watu aliowafunza wakaweza kufanya kazi asipokuwapo, na kwa muda anaotenga kila juma kukaa kwenye chumba cha wagonjwa wa nje ili ajue watu wanaumwa nini.

Kabla ya Nairobi kupata shule yake ya udaktari mwaka wa 1967, vijana wa Kenya walikwenda Makerere kusomea kazi hiyo. Siku hizi Msambweni pana chuo cha mafunzo ya utabibu, na kijana wa Diani au Shimba Hills anaweza kuanzia safari yake hapa hapa nyumbani. Walimu wenzangu, tuwaambie vijana hao kwamba si lazima mtu awe daktari bingwa ndipo awe na faida kwa watu wake. Wauguzi, wakunga na maafisa wa kliniki ndio wanaoibeba kazi ya kila siku. Na wale watakaokuwa madaktari, tuwafunze tangu darasani kusikiliza, kuandika kwa makini, na kutoona haya kumfundisha mwingine wanachokijua.