Mkuu Aliyetiliwa Sumu

Barua ya kupandishwa cheo huja siku moja, lakini utii wa moyo hauji pamoja nayo. Huyu huwekwa awe mwalimu mkuu, yule msimamizi wa karakana, mwingine mkuu wa wauguzi. Na mara nyingi hushangaa kuona kwamba waliokuwa wenzake jana, leo wananuna na kunong'ona. Kwa ajili ya hao twapenda kusimulia habari za mtu aliyeombwa na watu wenyewe awe mkuu wao, kisha watu hao hao wakataka kumwua. Ndiye Mtakatifu Benedikto.

Alizaliwa karibu na mwaka 480 katika mji wa Nursia, nchini Italia. Alipelekwa Roma kusoma, lakini maisha ya ovyo ya vijana wa huko yalimchukiza, akaacha masomo, akaenda kukaa peke yake katika pango la Subiaco. Alikaa humo miaka 3, na mmonaki mmoja jina lake Romano alimteremshia mkate kwa kamba. Habari hizi twazipata kwa Papa Gregori Mkuu, aliyeziandika zaidi ya miaka 40 baada ya Benedikto kufa.

Sifa zake zilienea. Monasteri moja ya jirani ilifiwa na mkuu wake, nao wamonaki wakaja kumsihi awe abati wao. Alikataa kwa muda mrefu, akiwaambia wazi ya kuwa mwenendo wake na wao hautapatana. Walipozidi kumsihi alikubali. Akaishika sheria barabara, asimruhusu mtu kuiacha hata kidogo. Punde wakajuta kumchagua, na mwishowe wakatia sumu katika divai yake. Walipomletea chombo mezani akibariki, alifanya ishara ya msalaba, nacho kikapasuka. Hakufoka, wala hakuuliza ni nani aliyetenda. Aliinuka kwa uso mtulivu, akawaombea msamaha kwa Mungu, akawakumbusha jinsi alivyowaonya tangu mwanzo, akarudi pangoni.

Gregori awalaumu wamonaki, nasi hatuwatetei. Walakini yafaa kuangalia Benedikto alifanya nini baadaye. Wengine walipomfuata, hakuwakusanya wote chini ya mkono wake mmoja. Alijenga monasteri 12, akaweka katika kila moja wamonaki 12 pamoja na mkuu wao. Watu 12 mkuu aweza kuwajua kila mmoja kwa tabia yake.

Siku moja mtu wa kabila la Wagothi, mnyonge na mgeni katika monasteri, alikuwa akifyeka miiba kando ya ziwa. Chuma cha mundu kikachomoka katika mpini, kikazama kilindini. Alikwenda kuungama kosa lake huku akitetemeka. Benedikto akafika ufukoni, akautia mpini majini, na chuma kikapanda na kuingia mahali pake. Wengi hukumbuka mwujiza huo. Sisi twakumbuka hasa lililofuata. Alimrudishia mtu yule mundu wake, akamwambia aendelee na kazi wala asihuzunike. Je, siku ya pili mtu huyo angeficha kosa lake? Hasha. Lakini akaripiwaye mbele ya wenzake kwa chombo kilichovunjika hujifunza kuficha vipande.

Karibu na mwaka 529 Benedikto alihamia Monte Cassino. Huko aliandika Kanuni yake yenye sura 73, na huko alifariki karibu na mwaka 547. Kanuni hiyo si ya ulegevu; yamtaka abati ayakate makosa yangali machanga. Lakini yamwonya asikwangue kutu kwa nguvu mno, chombo kisije kikavunjika. Twadhani aliyeandika hayo hakukisahau chombo kilichopasuka mbele yake.

Kwa hiyo aliweka taratibu ambazo hata leo hazijachakaa. Kwenye jambo zito abati awaite wote, hata walio wadogo, kwa kuwa mara nyingi mdogo huoneshwa lililo bora. Akiisha kuwasikiliza, aamue mwenyewe. Ikiwa jumuiya ni kubwa, agawe mzigo wake kwa wasaidizi waliochaguliwa kwa adili na hekima, si kwa ukongwe. Anayeagizwa kazi inayomshinda na aeleze sababu zake kwa upole, naye mkuu amsikilize. Mtunza ghala asiye na kitu cha kumpa mwombaji ampe walau neno jema. Wenye zamu ya kuhudumia meza wapewe mkate na kinywaji kabla ya wenzao, ili wasitumike kwa manung'uniko. Aliyeandika hayo alijua ya kuwa manung'uniko mengine huanza tumboni.

Wahenga walisema mkubwa ni jaa: yampasa kuyapokea yote yanayotupwa kwake. Benedikto aliyapokea hata ya sumu, asilipize kisasi. Wabenedikto waliotujengea Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906 walikuja na Kanuni hiyo mkononi, nayo yasomwa huko mpaka leo.

Basi wewe uliyepewa watu, usiridhike kwamba amri yako ni ya haki. Ya Benedikto nayo ilikuwa ya haki siku ile alipoletewa divai. Jiulize kama wamjua kila mmoja aliye chini yako: nani ahitaji kuhimizwa, nani ahitaji kutiwa moyo, na nani amezidiwa na mzigo lakini aogopa kukuambia. Huyo wa mwisho mwite kesho asubuhi, kabla hujampa kazi nyingine.